Maarifa ya Nyumbani na Shambani: Waya Mrefu Unaokula Stima

Juma hili nimeazimia kuijibu barua moja iliyokaa mezani pangu siku nyingi, kwa kuwa jambo liulizwalo humo si la mtu mmoja. Mkulima wa upande wa Mlima Kenya, mwenye ng'ombe wa maziwa, aeleza ya kwamba alinunua mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, yenye mota ya stima ya kilowati 1.5, akaifunga katika banda lililo meta 120 kutoka kwenye mita ya nyumbani. Ilifanya kazi kwa taabu miezi michache, kisha mota ikaungua. Akanunua ya pili, nayo sasa huvuma tu kama mzinga wa nyuki bila kuzunguka, na kutoa harufu ya rangi iliyoungua. Mwenye duka asema mota ni nzima, ila stima ya huko ni dhaifu. Fundi naye alikuja na kipimo chake, akaizima mashine, akapima pale pale bandani, akakuta volti 240 kamili. Akasema stima haina neno, mota ndiyo mbovu. "Nimsadiki nani?" auliza ndugu yetu. Fedha za mota ya tatu hana, na karo za watoto zimekaribia.

Hapana hata mmoja kati ya hao wawili aliyesema uongo, na wote wawili wamekosa. Ili tuone jinsi jambo hilo liwezekanavyo, hapana budi tufanye hesabu kidogo. Nawasihi wale waliokimbia hesabu shuleni wasigeuze ukurasa, kwa maana hesabu zenyewe ni za kuzidisha na kugawanya tu, na karani yeyote anayejua kujumlisha daftari ya mishahara ataziweza.

Chukua mfano wa tangi la maji lililoinuliwa juu ya nguzo. Kadiri tangi linavyoinuliwa, ndivyo maji yanavyosukumwa kwa nguvu zaidi katika mpira; msukumo huo ndio mfano wa volti. Maji yapitayo katika mpira kila dakika ndiyo mfano wa mkondo wa stima, nao hupimwa kwa ampea. Na urefu na wembamba wa mpira, ambao huyazuia maji yasipite kwa wingi, ndio mfano wa ukinzani, yaani ubishi wa waya, nao hupimwa kwa omu. Mfano huu una mwisho wake. Mpira uliokatwa humwaga maji, lakini waya uliokatwa haumwagi stima chini kama maji. Tena maji hufika shambani yakaishia huko, bali stima lazima irudi ilikotoka, ndiyo sababu nyaya huwa mbili, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi. Neno hilo la kurudi mlikumbuke, kwa maana wengi hulisahau wakati wa kununua waya.

Aliyeonyesha jinsi vitu hivi vitatu vinavyofungamana alikuwa mwalimu wa Ujerumani, Georg Simon Ohm, aliyezaliwa mwaka 1789 katika mji wa Erlangen. Baba yake alikuwa fundi wa kufuli, mtu aliyejifundisha hesabu mwenyewe kisha akawafundisha wanawe. Ohm alipokuwa mwalimu wa shule katika mji wa Cologne, alichukua nyaya za shaba zenye unene mmoja na urefu mbalimbali, akaupitisha mkondo katika kila mmoja na kuupima kwa sindano ya sumaku iliyoning'inizwa. Betri za siku zile, za namna aliyoibuni Volta wa Italia mwaka 1800, zilichoka upesi wakati kazi ikiendelea, na vipimo havikukaa sawa. Basi kwa shauri la mwenziwe Poggendorff akaziacha betri, akatumia kiungo cha madini mawili, bismathi na shaba, ncha moja ikiwa katika maji yachemkayo na ya pili katika barafu, kwa kuwa kiungo cha namna hiyo hutoa msukumo mdogo lakini usiobadilika. Ndipo alipoona wazi kwamba kadiri waya unavyokuwa mrefu, ndivyo mkondo unavyopungua. Mwaka 1827 akachapisha kitabu chake Berlin. Wakubwa wa elimu hawakukipokea vizuri, naye akaiacha kazi yake ya Cologne. Miaka ikapita hata mwaka 1841, ndipo Royal Society ya London ilipompa nishani ya Copley. Alikufa mwaka 1854, na mwaka 1881 mkutano wa mataifa uliofanyika Paris ukakubali jina lake liwe jina la kipimo cha ukinzani.

Kanuni yenyewe ni hii: volti ni ampea mara omu. Ukijua mbili katika hizo tatu, ya tatu haiwezi kujificha. Volti ukizigawanya kwa ampea, wapata omu. Ukizigawanya kwa omu, wapata ampea. Na kanuni ya pili, ambayo ndiyo ya mfuko wako, ni hii: wati ni volti mara ampea. Wati ni kipimo cha jinsi kazi inavyofanywa kwa haraka, iwe kazi ya kuchemsha maji au ya kuzungusha gurudumu. Wati 1,000 zikitumika kwa saa moja ndizo yuniti moja ile unayoilipia kwa tokeni.

Na tulijaribu birika la stima. Chini yake pameandikwa wati 2,000, nayo stima ya nyumba zetu za Kenya ni ya volti 240. Gawanya 2,000 kwa 240, wapata ampea 8.33. Sasa gawanya 240 kwa 8.33, wapata omu 28.8, nao ndio ukinzani wa ule waya uliomo ndani ya birika. Likichemsha kwa dakika 6, yaani sehemu moja ya kumi ya saa, limekula yuniti 0.2. Pasi ya wati 1,000 huvuta ampea 4.17, na ukinzani wake ni omu 57.6. Angalieni jambo linalowashangaza wengi: chombo chenye nguvu zaidi ndicho chenye ukinzani mdogo zaidi. Ndiyo haki, kwa maana yule asiyebisha ndiye anayepitisha mkondo mwingi.

Lakini kanuni ya Ohm si ya kila kitu. Balbu ya zamani yenye uzi ndani, ya wati 60, huvuta ampea 0.25, na ukinzani wake ikiwaka ni omu 960. Ukiipima ikiwa baridi utakuta kama sehemu moja ya kumi tu, au pungufu, kwa sababu uzi ukipata moto ubishi wake huzidi. Ndiyo maana balbu hizo aghalabu hukatika wakati ule ule wa kuwashwa, mkondo unapoingia kwa kishindo. Taa za LED na chaja za simu hazifuati kanuni hii sawasawa, kwa kuwa ndani yake mna vyombo vinavyojirekebisha. Mota nazo zina mambo yake, nitayafikia.

Tukiziunganisha kanuni zetu mbili, twapata njia nyingine mbili za kutafuta wati. Ya kwanza: volti mara volti, gawanya kwa omu. Ya pili: ampea mara ampea, zidisha kwa omu. Ya kwanza hutuonyesha hasara ya stima dhaifu. Likitiwa lile birika letu la omu 28.8 mahali penye volti 200 badala ya 240, twahesabu 200 mara 200, ambayo ni 40,000, twagawanya kwa 28.8, twapata wati 1,389. Volti zimepungua kwa sehemu moja ya sita, lakini nguvu imepungua karibu theluthi moja. Mama anayengoja chai huiona hesabu hii bila kalamu.

Ile ya pili, ya ampea mara ampea, ndiyo inayochoma nyumba, na hapa naomba tukawie kidogo. Tuseme soketi ukutani imelegea, shaba zake hazishikani vizuri na plagi, na pale zinapogusana pamepatikana ukinzani wa nusu omu. Nusu omu ni kitu kidogo, hata macho hayaoni dalili yake. Ukichomeka chaja ya simu inayovuta ampea 0.05, joto la mahali pale ni 0.05 mara 0.05 mara nusu, yaani kama sehemu moja tu katika 800 ya wati moja. Hapana linaloonekana, na soketi hiyo yaweza kutumika miaka na miaka. Siku moja mgeni aja, mwenye nyumba achomeka birika. Sasa ni 8.33 mara 8.33 mara nusu, nayo ni karibu wati 35. Joto la wati 35 katika mahali padogo kama punje ya harage ni sawa na la kile chuma anachoyeyushia risasi fundi wa redio. Soketi hugeuka kahawia, kisha nyeusi, kisha plastiki hulainika. Mkondo umezidi mara 167 hivi, bali joto limezidi zaidi ya mara 27,000.

Tena fyuzi haitamwokoa mtu huyo. Fyuzi ya ampea 13 iliyo ndani ya plagi huangalia wingi wa mkondo tu, na ampea 8.33 ni halali yake kabisa. Haijui kwamba joto limekusanyika mahali pabaya. Kwa hiyo plagi iliyo na moto mkononi unapoichomoa, au soketi iliyobadilika rangi, ni ya kubadilishwa siku hiyo hiyo, si mwisho wa mwezi. Fyuzi ina kazi nyingine, ile ya nyaya zinapogusana. Hapo ukinzani huwa mdogo sana, tuseme omu 0.3, na 240 ukizigawanya kwa 0.3 ni ampea 800. Wale wanaoiondoa fyuzi na kutia kipande cha msumari yafaa wauandike mkondo huo ukutani, karibu na kitanda chao.

Na mwili wa mtu je? Nao una ukinzani wake. Ngozi kavu hubisha sana, lakini ngozi iliyolowa hubisha kidogo, na omu 1,000 ni kadirio linalotumika mara nyingi kwa mtu aliyelowa maji. Basi 240 kwa 1,000 ni ampea 0.24. Ule mtambo mdogo wa kukata stima haraka, ambao mafundi wema huufunga penye mita, huwekwa ukate kwa ampea 0.03, kwa kuwa zaidi ya hapo moyo wa mtu u hatarini. Mkulima anayeosha banda bila viatu huku akishika swichi yenye ufa, hesabu yake ndiyo hiyo.

Sasa turudi kwa ndugu yetu mwenye ng'ombe. Barua yake yasema kwamba waya alioununua ni wa shaba, wenye unene wa milimeta mraba 1.5. Alichagua huo kwa sababu dukani aliambiwa unabeba mota yake bila kuungua, na maneno hayo ni ya kweli. Lakini kubeba bila kuungua ni jambo moja, na kufikisha mzigo ni jambo jingine. Waya wa namna hiyo una ukinzani wa omu 12.1 kwa kila kilometa. Kutoka mita hadi banda ni meta 120, lakini kwenda na kurudi ni meta 240, yaani kilometa 0.24. Zidisha kwa 12.1: wapata omu 2.9.

Kibao cha mota chasema kilowati 1.5 na ampea 10. Msomaji mwepesi wa hesabu atauliza mbona 1,500 ukigawanya kwa 240 ni ampea 6.25 tu. Jibu ni kwamba kilowati za kwenye kibao ni zile zitokazo katika mhimili wa mota, si zote ziingiazo, kwa maana nyingine hupotea kuwa joto ndani yake. Zaidi ya hayo, katika mota ya namna hii msukumo na mkondo haviendi kwa hatua moja, kama ng'ombe wawili wa plau wasiovuta pamoja, hivyo huhitajika mkondo zaidi kwa kazi ile ile. Kwa hiyo katika kuchagua waya wa mota, soma ampea za kwenye kibao, usizitafute kwa kugawanya kilowati.

Ampea 10 mara omu 2.9 ni volti 29. Hizo ndizo zinazopotea njiani mashine ikifanya kazi. Mota hupata volti 211 badala ya 240, nao waya wenyewe hula 10 mara 10 mara 2.9, yaani wati 290, ukipasha joto udongo na hewa bure. Mashine ikifanya kazi saa 5 kila siku, hasara ni yuniti 1.45 kwa siku, na kwa mwezi wa siku 30 ni yuniti 43.5. Zidisha kwa bei ya yuniti iliyoandikwa katika risiti yako ya mwisho, uone fedha inayozikwa ardhini.

Na bado hatujafika penye kuua mota. Mota inapoanza, kabla haijazunguka, huvuta mkondo mara tano au sita ya ule wa kawaida. Tuseme ampea 50 kama ingepata volti 240 kamili. Hiyo ni sawa na ukinzani wa omu 4.8. Ongeza omu 2.9 za waya, jumla 7.7. Gawanya 240 kwa 7.7, wapata ampea 31, na 31 mara 4.8 ni volti 149. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa sababu ya zile hatua zisizolingana nilizozitaja, lakini kweli yake haiko mbali: mota hupata kama volti 150 au 160 wakati ule inapohitaji nguvu kuliko wakati wote. Nayo nguvu ya kuanza kuzunguka hupungua kwa volti mara volti, kama lile birika, hivyo hupata chini ya nusu ya nguvu yake. Visu vikiwa na majani mabichi yaliyobana, mota haizunguki; na isipozunguka, ule mkondo mkubwa hauondoki, hukaa ndani ukipika nyaya zake. Ndiyo ile sauti ya nyuki, na ndiyo ile harufu ya rangi.

Mbona basi fundi alikuta volti 240 pale bandani? Ni kwa sababu aliizima mashine kwanza. Mkondo ulikuwa sifuri, na sifuri mara omu 2.9 ni sifuri. Waya usiopitisha kitu haupotezi kitu, hata ungekuwa mwembamba kama uzi wa kushonea. Kipimo chake kilikuwa kizima na macho yake mazima, lakini alimpima mbeba mizigo akiwa amekaa kitako. Angepima mashine ikiwa kazini, mara moja penye mita na mara ya pili bandani, angeona tofauti. Penye mita pakiwa na 240 na bandani 211, mwizi ni waya. Ikiwa hata penye mita volti zimeshuka vibaya, hapo mwenye duka ana haki, na yafaa kampuni ya stima ipelekewe habari kwa maandishi, pamoja na tarehe na saa ya kipimo.

Hasara hii ya njiani ndiyo sababu stima inayosafiri mbali hupandishwa volti. Nyaya kubwa zitokazo Loiyangalani, penye mashine za upepo karibu na Ziwa Turkana, huja hadi Suswa, zaidi ya kilometa 400, kwa volti 400,000. Volti zikiwa nyingi, ampea hupungua kwa kazi ile ile, na joto la waya hupungua kwa ampea mara ampea. Wenye stima ya jua ya volti 12 wako upande wa pili wa hesabu hii. Taa za wati 60 kwa volti 12 huvuta ampea 5. Ukizipeleka banda la kuku lililo meta 20 kwa waya ule ule wa 1.5, ukinzani wa kwenda na kurudi ni omu 0.48, na volti zinazopotea ni 2.4, yaani sehemu moja ya tano ya zote. Taa za wati hizo hizo kwa volti 240 zingepoteza volti 0.12 tu. Watu huilaumu betri, kumbe ni waya.

Basi ndugu yetu afanye nini? Njia ya kwanza ni kubadilisha waya. Wenye milimeta mraba 6 una omu 3.08 kwa kilometa. Kwa kilometa 0.24 ni omu 0.74. Mashine ikiwa kazini zitapotea volti 7.4 na wati 74, na wakati wa kuanza mota itapata zaidi ya volti 200. Ataokoa wati 216, yaani yuniti 32.4 kwa mwezi wa saa 5 kila siku, mbali na bei ya mota ya tatu. Waya huo ni wa ghali, sikatai, nao uunganishwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, penye mita na bandani. Tena asikubali kuuziwa waya wa alumini kwa unene ule ule, kwa kuwa ukinzani wa alumini huzidi ule wa shaba kwa zaidi ya nusu.

Njia ya pili haina gharama kubwa, nayo ndiyo ningeichagua mimi kama majira ya mvua yaruhusu. Aijengee mashine kibanda kidogo meta 20 kutoka kwenye mita, atumie kipande cha waya ule ule alionao. Kwenda na kurudi ni meta 40, omu 0.48, na volti 4.8 tu zitapotea. Kabla ya kuifunga mota hiyo ya pili, fundi aipime kwanza kama nyaya zake za ndani hazijashikana kwa moto, maana imekwisha kunuka. Ikiwa nzima, ng'ombe wabaki kule kule waliko, na majani yakiisha kukatwa yasukumwe kwa wilibaro zile meta 100 zilizobaki.